Je, Mtu Aweza Kusafiri Peke Yake?



Liko swali ambalo nimekaa nalo tangu mvua zilizopita, nami nataka kulileta mbele yenu. Kwa kuwa swali likikaa na mtu mmoja huzunguka pale pale, bali likiletwa barazani huenda likapata njia. Swali lenyewe ni hili: Mtu akitoka peke yake, juu ya chombo chake mwenyewe, kwa mafuta aliyoyanunua kwa fedha yake, je, anawiwa nini na watu anaowapita njiani?

Asubuhi moja nalitoka Iyunga kwa pikipiki kwenda Tukuyu. Sikuwa na kazi huko. Nalitaka siku moja tu ya ukimya, pasipo kikao, wala barua, wala mtu wa kuniuliza neno. Nalipita Mbeya, mji uliokua katika miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, hata nikafika Uyole, mahali ambapo barabara kuu yaendelea kwenda Iringa, na nyingine yakata kuume kuelekea Kyela na ziwa Nyasa. Hapo tairi la nyuma likatoka upepo, na kijana mmoja akaliziba. Kisha nikakata kuume, nikaanza kuipanda milima ya Uporoto.

Waijuao njia ile hawana haja ya kuambiwa. Baridi huingia katika mikono ya koti, na ukungu hushuka juu ya mashamba ya viazi hata mtu asione ng'ombe aliye hatua kumi mbele yake. Upande mmoja uko msitu unaolificha ziwa la Ngozi, lililo ndani ya shimo la mlima wa moto wa zamani. Na ukungu ukifunguka, mbele yasimama Rungwe, mlima wa karibu meta 3,000. Mtu aliye peke yake huviona vitu hivi kwa namna nyingine. Hana wa kumwonyesha, basi hutazama. Hana wa kumjibu, basi husikia. Nasema kweli, nalifurahi sana.

Karibu na Isongole mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya barabara, gunia miguuni pake. Akainua mkono. Hakuupunga kama wafanyavyo watu wasimamishao gari. Aliuinua tu, kama mtu aombaye ruhusa ya kusema. Nyuma yangu kiti kilikuwa wazi. Nikampita. Nalijiambia, "Leo niko peke yangu," nikaongeza mwendo.

Msidhani kwamba sikuwa na hoja. Sikuwa na kofia ya pili, na sheria yataka kila apandaye pikipiki avae kofia ngumu. Barabara ilikuwa na utelezi. Yule mzee sikumjua. Tena kutafuta ukimya si dhambi: manabii waliutafuta mlimani, na Bwana wetu mwenyewe alijitenga na makutano ili aombe. Hoja hizi zote ni njema, walakini zina kasoro moja: zilinijia baada ya kupita. Nilipompita sikufikiri kofia wala utelezi. Nalifikiri siku yangu.

Hata nikafika Tukuyu, mji mdogo wa mlimani ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg na kuufanya makao ya utawala wao katika nchi hii. Naliketi kupumzika, nikakumbuka habari za msafiri mwingine. Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana wa Scotland, alitoka pwani akavuka nyanda hizi za juu mpaka ziwa Nyasa, kisha akaendelea hata Tanganyika. Mkuu wake, Keith Johnston, alikuwa amekufa mapema safarini, na mara nyingi husemwa kwamba tangu hapo Thomson alikwenda peke yake. Peke yake! Msafara wake ulikuwa na watu zaidi ya mia, wenye mizigo vichwani na mabegani, na kiongozi wao alikuwa Chuma, yule yule aliyekuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hata pwani, baada ya kufa kwake mwaka 1873. Basi naliona ya kuwa neno "peke yake" halituambii wangapi walikuwapo njiani. Latuambia wangapi walihesabiwa.

Nikajitazama mimi. Barabara niliyoiita ukimya wangu ilichongwa na mikono ya watu. Mafuta yangu yaliletwa na dereva aliyekesha. Kama si yule kijana wa Uyole, nisingaliuona mlima wo wote siku ile. Na viazi nilivyokula kabla ya kutoka nyumbani, labda vilishuka kutoka Isongole katika gunia kama lile. Nami pia nalikuwa na msafara wangu, ila sikuuhesabu.

Lakini mtu aweza kunijibu hivi: "Ukiwa wawiwa na watu wote, hutafika po pote. Anayesimama kwa kila mkono unaoinuliwa, jua litamchwea kabla ya kufika Kiwira." Neno hili si la kudharauliwa. Nimelipima, na nionavyo mimi, madeni ni mawili, wala hayafanani. Deni moja ni la kiti, na hilo lataka busara: huenda chombo hakifai, au njia ni mbaya, au kofia ni moja. Kiti ni changu, nami naweza kukinyima kwa sababu njema. Deni la pili ni la kusimama na kuuliza, na hilo sijaona sababu ya kulikwepa, isipokuwa hatari iliyo wazi. Maana sababu njema huambiwa mtu usoni pake, haziambiwi upepo. Kama ningalisimama na kusema, "Mzee, sina kofia ya pili, lakini wataka nini?" huenda angalihitaji kupeleka neno tu, nami ningaliweza kulichukua.

Mkumbukeni yule Mwethiopia aliyekuwa garini akisoma kitabu chake, na safari yake ikali ndefu. Filipo alipokuja karibu, alimsihi apande aketi pamoja naye. Na katika wawili hao, mwenye kiti ndiye aliyepata faida kubwa zaidi.

Jioni nalirudi kwa mwendo wa pole. Isongole mzee hakuwapo, wala sitajua kama gunia lile lilikuwa la kuuzwa sokoni au la kupelekwa kwa mgonjwa. Nalisimama pale pale aliposimama yeye. Mara wanawake wauzao viazi ng'ambo ya barabara wakaja, wakaniuliza kama nimeharibikiwa. Hawakunijua, na jua lilikuwa likichwa. Tena walikuwa na kazi yao. Waliniuliza tu.

Tangu siku hiyo nafunga kofia ya pili nyuma ya pikipiki. Bado naupenda ukimya, na bado natoka peke yangu. Lakini sasa nautwaa kama kitu nilichoazimwa, na mwenye kuazimwa hukasirikaje anapoombwa kukirudisha? Ninyi walimu wa vijijini, mpitao njia hizi kila juma, fikirini neno hili, mtuambie mwaonaje.