Ukitoa, Umetoa

Ndugu msomaji, chuo cha umma kikiomba michango yetu, tutoe au tuseme hiyo ni kazi ya Serikali? Mimi niliyesomeshwa kwa kodi za wakulima na wavuvi nisiowajua, nasema tutoe. Inasimuliwa kuwa mwaka 859 Fatima al-Fihri alitumia urithi wake kujenga msikiti wa al-Qarawiyyin mjini Fes. Msikiti ukazaa chuo, ambacho leo ni cha Serikali ya Morocco.

Lakini mali ya wakfu humtoka mtoaji. Anaweza kuweka sharti la kheri, mathalani wasomeshwe mayatima. Akirudi kesho kumfunga mdomo mhadhiri, huyo hakutoa, alinunua. Na Serikali nayo isizifanye sadaka zetu kisingizio cha kukwepa wajibu wake.

Wallahu a'lam.