Mama wa Watu ni Mama wa Nani?

Siku tuliyomzika mama yangu, mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia za Lemara zilikuwa tope tupu. Watu walikuja hivyo hivyo, viatu mkononi. Walikuja wa kwaya, wa upatu, akina mama wa soko la Kilombero, watoto wa shule, mpaka wale washikaji wa kijiweni ambao mtaa mzima unawaogopa. Kila aliyesimama kusema alianza na maneno yale yale: "Mama yetu." Wengine wakasema "yeyoo". Mimi niliyetoka tumboni mwake, tena peke yangu, nilikaa mkekani nikiwa na wazo moja baya moyoni, nalo nitalisema hapa bila kulificha. Nilijiuliza: kama alikuwa mama yenu ninyi nyote, mimi nilibakiwa na nini?

Ndugu msomaji, usinihukumu haraka. Hebu nikueleze kwanza.

Maza alinilea bila baba. Cherehani ndiyo iliyotulisha. Mchana alishona sare za shule na kupindia khanga. Jioni uani petu palijaa watoto wa watu, akiwafundisha kuimba, ngonjera, maigizo. Mwenye njaa alikula kwetu, na sahani iliyopungua ilikuwa yangu. Mwaka mmoja, fedha aliyoiweka kwa ajili ya ada yangu ilikwenda kununulia jeneza la jirani asiye na ndugu. Nikarudishwa nyumbani wiki mbili. Na usiku mmoja, nikiwa na homa kali, alifunika kichwa akatoka kwenda kumshika mkono mwanamke aliyekuwa anajifungua mtaa wa pili. Aliyenipa maji usiku ule ni mpangaji mwenzetu. Mtoto wa yule mwanamke alizaliwa salama, naye alikuwepo msibani, kijana mzima, analia kuliko mimi.

Swali langu basi ni hili: mtu anayejigawa kwa jamii, je, anagawa kilicho chake, au anagawa na cha mtoto wake? Na mtoto ana haki ya kudai?

Nikitafuta jibu nimejikuta nikirudi kwa mwanamke ambaye sisi vijana tunalijua jina lake zaidi kwa sababu ya barabara kule Dar es Salaam: Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa mwaka 1926. Aliozwa bado binti mdogo, ndoa ile ikavunjika, akabaki na mtoto mmoja wa kike. Shule aliyopata ni ya msingi tu. Alichokuwa nacho ni sauti. Alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, kimoja kati ya vile vikundi vya wanawake wa Dar vilivyoimba harusini, vikazikana na kuchangiana.

Mwaka 1955, TANU ilipotaka kuwa na tawi la wanawake, ndiye aliyekabidhiwa kazi. Hakuanza na vitabu wala hotuba za kizungu. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, watu waliomjua kwa wimbo, na katika miezi michache wanawake kwa maelfu walikuwa wamechukua kadi. Hapa nawaomba wale wanaosema sanaa ni mchezo wa wasio na kazi wafikirie kidogo. Mwanamke anayekaa nyuma ya pazia hamwamini mgeni mwenye karatasi, anamwamini aliyecheza naye ngoma kwenye harusi ya mwanawe. Wale wanawake walijua kukusanya michango, kutunza siri na kuitana kabla hawajasikia neno chama. Ngoma iliwafundisha.

Sasa tuje kwetu Arusha. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa, pale Kaloleni, katika jumba ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio. Tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa, na mojawapo ya masharti yake lilikuwa kwamba kiongozi asimiliki nyumba ya kupangisha. Bibi Titi hakukubaliana nalo, akajiuzulu uongozi. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wengine, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais Nyerere. Miaka mingi jina lake halikutajwa. Lilipotajwa tena kwa heshima, mwaka 1991, nchi inatimiza miaka 30 ya uhuru, alikuwa ameshazeeka. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 akitibiwa Afrika Kusini.

Sitaki kufungua upya kesi ile. Hayo nawaachia wanahistoria. Nataka tuitazame ile nyumba ya kupangisha. Tulifundishwa kwamba kiongozi mwenye nyumba za kupangisha ni kupe, ananyonya jasho la wenzake. Na kweli kupe walikuwepo, wakubwa waliojijengea kwa mikopo ya vyeo vyao, na Azimio lilikuwa na haki ya kuwakemea. Lakini sharti moja likimwangukia mwanamume mwenye mshahara, elimu na pensheni, halina uzito ule ule likimwangukia mwanamke aliyesoma darasa la nne au la tano. Kwa mwanamke wa mjini asiye na mume wa kutegemea, chumba cha kupangisha ndiyo pensheni yake, ndiyo uzee wake. Muulize mjane yeyote wa Lemara mwenye vyumba viwili vya uani atakwambia. Nyumba ile ndiyo inayomfanya asiombe.

Nadhani hapa ndipo jamii inapokosea kuhusu watu kama hawa. Tunawaita mama, na kwa kuwaita mama tunajipa ruhusa ya kuchukua bila kuuliza. Mama haombi risiti. Mama hachoki. Mama anakula mwisho. Basi tunachukua muda wake, sauti yake, akiba yake, na siku akisema "hiki kimoja ni changu", tunashangaa, tunamwita mbinafsi. Shukrani ya punda ni mateke, walisema wazee. Na hata pale tusipopiga mateke, tunalipa kwa sifa, kwa sababu sifa haigharimu kitu. Pale msibani nilihesabu wasemaji kumi na saba. Wangapi kati yao waliwahi kumwuliza mama yangu amekula nini?

Mpaka hapo, msomaji, unaona kama nimejipa ushindi. Jamii ina makosa, mimi nadai, basi. Nilitaka kuishia hapo. Lakini siku chache baada ya arobaini nilikuwa ndani ya kifodi natoka mjini, na wazee wawili mbele yangu wanamsifu marehemu mmoja, mwanamume, aliyewahi kuwa kiongozi mkubwa. "Yule bwana alikuwa halali nyumbani kwa ajili ya wananchi." Wakatikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyeuliza: na watoto wake walilala na nani? Nani aliwapa maji wakiwa na homa?

Swali hilo tunaliweka kwa wanawake tu. Nami nilikuwa nimeliweka kwa mama yangu. Usiku ule wa homa, kwa nini katika miaka yote sikuwahi kujiuliza baba yuko wapi? Ile ada iliyokwenda kwenye jeneza ilikuwa ya mtu mmoja kwa sababu wa pili hakuleta hata senti. Tulipaswa kuwa na mikono minne nyumbani, tukawa na miwili, na mimi nikailaumu hiyo miwili iliyobaki. Nilikuwa namdai aliyekuwepo deni la asiyekuwepo. Naona aibu kuliandika hili, lakini naliandika kwa sababu nadhani siko peke yangu.

Je, ina maana sikuwa na haki ya kuumia? Hapana. Njaa ni njaa, na homa ni homa. Mtoto anaruhusiwa kuumia. Ila kuumia si sawa na kudhulumiwa, na hata kama nilidhulumiwa, mdhulumu si yule niliyekuwa nikimkazia macho. Jamii inayomwachia mwanamke mmoja azike wasio na ndugu, azalishe, afundishe watoto wote wa mtaa, ndiyo iliyokula sahani yangu.

Tena kuna jambo nililiona nikalisahau. Mama alipokuwa anafundisha wimbo, alikuwa mtu mwingine. Mgongo ulinyooka. Alicheka. Alimkaripia mtoto aliyekosea sauti kama mtu mwenye mali yake mkononi. Kwenye misiba na kwenye uzazi alikuwa anatoa. Pale uani, jioni, alikuwa anapokea. Kumbe mimi, mwenye wivu, nilitaka aviache vyote, pamoja na kile kimoja kilichomrudishia nguvu. Angeacha kuimba ili akae nami, ningepata mama aliyekaa. Sijui kama angekuwa na chochote cha kunipa.

Tumkumbukeje mtu wa namna hii? Mimi nasema tumkumbuke kwa ukweli, na sahani iliyopungua iwemo. Tukimfanya malaika tunamdhulumu mara ya pili, maana malaika hachoki wala hachagui, na yeye alichoka, na alichagua. Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba aliyeachika akiwa na mtoto wa kike, tunamjua leo si kwa santuri tu bali kwa kuwa Shaaban Robert alikaa chini akaandika wasifu wake. Mitaa yetu imejaa wanawake wa aina hii na Shaaban Robert hana nafasi ya kurudi. Wewe unayepeleka mashairi ya mapenzi kwenye majarida, mama yako yupo hai? Basi nenda kamwulize leo alitaka kuwa nani kabla hujazaliwa. Mimi sikuuliza.

Cherehani yake bado ipo dirishani. Jumamosi iliyopita watoto walikuja uani, wakasimama, wakanitazama. Sijui kuimba. Niliwafungulia mlango.