Kabla Hujaziba

Mpwa wangu,

Barua yako imefika pamoja na picha uliyopigwa kwenye Makumbusho ya Reli pale Nairobi, umesimama kando ya injini ya mvuke Mount Gelai, kiganja umekiweka juu ya gurudumu lake. Unasema umekata shauri kuijenga ndogo yake, ya moto wa kweli na mvuke wa kweli, katika kile chumba cha uani huko Changamwe, na umeniuliza uanzie wapi. Nimeisoma barua hiyo mara tatu. Katika ukoo wetu hakuna kijana mwingine aliyewahi kuniuliza habari za boila, nami nimekula chumvi nyingi, nina miaka 79 sasa. Nitakujibu kwa urefu, na yale nitakayokukataza uyapokee kama maneno ya mjomba anayekutakia mema.

Gelai uliyoigusa ni namba 5918, mojawapo ya Garratt 34 zilizojengwa na Beyer Peacock hapa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa kwetu. Nilipoingia karakana ya reli Nairobi mwaka 1963, mwanagenzi wa miaka 17, hizo ndizo zilizokuwa fahari ya njia ya Mombasa: tani 252 kila moja, zikipanda kutoka pwani hadi bara juu ya reli ya upana wa mita moja tu. Leo nakaa mwendo mfupi wa basi kutoka Gorton, kilipokuwa kile kiwanda. Kilifungwa mwaka 1966. Kwa hiyo najua vizuri kwa nini unaitaka hiyo. Lakini usianze nayo.

Piga hesabu. Wajenzi wa injini ndogo kama hizi huku Uingereza wana reli zao za vipimo maalumu: inchi 3½, inchi 5, inchi 7¼. Ukichagua inchi 5, reli ya mita umeipunguza mara nane hivi. Gelai ina urefu wa zaidi ya mita 31, kwa hiyo yako itakuwa na mita nne. Uzito nao hufuata hesabu yake: hupungua mara nane kwa urefu, tena mara nane kwa upana, tena mara nane kwa kimo, na ukizidisha zote unapata 512. Umebaki na nusu tani ya chuma na shaba ndani ya chumba cha uani. Isitoshe, Garratt ni injini mbili zilizobeba boila moja katikati. Ina silinda nne, magurudumu 16 ya kuvuta, na mabomba ya mvuke yanayopita kwenye maungio yanayogeuka kila penye kona. Nimewaona watu wenye karakana kamili wakiishughulikia Garratt moja kwa miaka 15. Mwanzo wa ngoma ni lele. Wewe jenga kwanza Tich.

Tich ni injini ya magurudumu manne, ya reli ya inchi 3½, ambayo kijana mwenye nguvu zake huibeba mikononi. Aliyeichora ni Curly Lawrence, aliyekuwa akitia sahihi LBSC, herufi za reli ya zamani ya London, Brighton and South Coast. Aliandika kwa miaka mingi katika gazeti la Model Engineer, lililoanzishwa na Percival Marshall mwaka 1898, na alikuwa akiandika hadi karibu na kifo chake mwaka 1967. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wajuzi wengi waliamini kwamba boila ndogo kiasi hicho haiwezi kuchoma makaa ya mawe ikavuta mtu. Walisema ni spiriti tu ndiyo itakayoiendesha. Lawrence akaiweka relini Ayesha yake ya inchi 2½, akaitia makaa, ikavuta watu wazima. Michoro ya Tich ingali inauzwa. Anavyoeleza ni kama fundi anayesema na spanaboi wake: shika hiki, toboa hapa, sasa geuza.

Sasa nije kwenye neno lenyewe lililonishikisha kalamu. Rangi, filimbi, namba ya shaba ubavuni, vyote hivyo utavirekebisha Jumamosi yoyote upendayo. Boila ni kitu kingine. Tanuri likishaingia ndani ya mwili wa boila na kulehemiwa, ndani hutaona tena. Kila kiungo kitabaki kama ulivyokiacha siku ile, kikiwa kizuri au kibovu, na wewe utakaa nyuma yake na uso wako hatua moja kutoka kwenye mvuke.

Pale karakanani palikuwa na mzee wa boila aliyetembea na nyundo ndogo mfukoni. Kazi yake ilikuwa kugonga steyi. Hivyo ni vijiti vya chuma vinavyoshikanisha ukuta wa tanuri na ukuta wa nje ili presha isiutanue, na boila kubwa huwa navyo mamia. Kilicho kizima hulia kwa ukali. Kilichokatika hujibu kwa sauti iliyokufa. Aligonga, akasikiliza, akasogea, akagonga. Siku moja alisimama, akarudia kimoja mara mbili, akakitia alama ya chaki, akaniuliza kama nimesikia. Sikusikia chochote. Ilinichukua hadi mwaka wa pili sikio langu likafunguka. Mzee yule alikuwa akiona kwa sikio mahali ambapo jicho la mtu halifiki, nasi wenye boila ndogo hatuna steyi za kugonga hivyo. Tuna nafasi moja tu ya kuona, nayo ni kabla hatujaziba.

Mimi mwenyewe niliipoteza nafasi hiyo kwenye boila yangu ya kwanza, mwaka 1984. Nitakueleza ilivyokuwa, ili uijue dalili ukiiona.

Boila hizi hutengenezwa kwa shaba nyekundu. Unaikunja kingo zake kwa nyundo juu ya kalibu ya mti mgumu, na kadiri unavyoigonga ndivyo inavyokuwa ngumu. Hapo unaipasha moto mpaka iwe nyekundu hafifu, unaitumbukiza majini, nayo hulainika tena. Bati za mbele na nyuma zikishaiva, unaunganisha kwa lehemu ya fedha, inayoyeyuka kwenye nyuzi 650 hivi, hali shaba yenyewe huyeyuka ikipita nyuzi 1,080. Nafasi inaonekana kubwa. Tatizo ni kwamba shaba hunywa moto. Unapasha pembe moja, joto linakimbilia mwili mzima. Kichomeo changu kilikuwa kidogo. Nilipasha kwa muda mrefu mno, unga wa boraksi ukaungua ukaisha nguvu, na lehemu ilipogusa shaba ikasimama vitone vitone kama maji juu ya jani la gimbi.

Dalili ni hiyo. Lehemu ikikubali hutambaa yenyewe, hupenya kwenye ufa na kutokea upande wa pili kama uzi unaong'aa. Ikisimama vitone, simamisha kazi, acha ipoe, isafishe kwa asidi, tia boraksi mpya, uanze upya kwa moto mkubwa zaidi. Mimi nilikuwa nimechoka, ilikuwa usiku, na kesho yake nilikuwa kazini. Nikaongeza lehemu juu ya lehemu mpaka pembe ikafunikwa, ikapendeza. Kisha nikaziba.

Boila mpya hupimwa kwa maji baridi. Unaijaza hadi hewa yote itoke, unafunga, unaipampu kwa mkono hadi mara mbili ya presha ya kazi. Ya kwangu ilikuwa ya kufanya kazi kwa ratili 80 kwa inchi ya mraba, kwa hiyo tulilenga 160. Shika sana sababu ya kutumia maji. Maji hayabanwi: boila ikiachia, tone linatoka, presha inaanguka, hakuna aliyeumia. Hewa na mvuke ni kama springi iliyokazwa. Na maji yaliyo chini ya ratili 80 yana joto la nyuzi 160 na zaidi. Ukuta ukipasuka, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600. Usithubutu kupima boila kwa kompresa ya gereji, hata akija fundi wa kukuhakikishia kwamba yeye hufanya hivyo kila siku.

Mshale ulipanda hadi 140, ukaanza kurudi. Chini ya tanuri, kwenye ile pembe, lilitokea tone kama punje ya mchele. Mkaguzi wa klabu yetu ya injini ndogo, mzee wa makamo yangu ya leo, alitoa leso, akalifuta, akangoja. Likatokea jingine. Hakunilaumu kwa neno lolote. Ili niifikie pembe ile ningelazimika kuharibu viungo vingine sita, basi nikaiweka boila kando, nikajenga nyingine kwa miezi minane. Ile ya kwanza iko kwenye rafu juu ya jiriwa, na kila ninapotaka kukimbiza kazi naitazama.

Liko jambo la pili linalojificha. Usitie shaba ya manjano mahali panapokaa maji ya moto. Zinki iliyomo ndani yake huliwa polepole, na kinachobaki ni kama sifongo chenye sura ile ile ya zamani, skrubu ikionekana nzima. Tumia bronzi. Na bati za boila nunua mpya, za muuzaji anayejua anachouza. Usiokote kwenye skrepu, maana hujui ilikotoka wala ilichopitia. Magurudumu ni habari nyingine, hayo wapelekee wasubu wa jua kali wayamimine, mradi umewapa kalibu iliyo sahihi.

Usidhani pia kwamba kila kitu unaweza kukipunguza kwa kipimo. Maumbile hayapungui. Ukikifanya kioo cha maji kiwe chembamba kulingana na cha Gelai, maji yatang'ang'ania ukuta wa kioo na kukudanganya, utadhani boila imejaa kumbe tanuri liko wazi. Fuata mchoro, hata pale kioo kinapoonekana kinene kuliko uzuri unaoutaka. Vivyo hivyo mabomba ya moshi: machache mapana hupumua vizuri kuliko mengi membamba.

Kuhusu mashine usijisumbue sana. Huku wengi walijengea kwa Myford ML7, iliyoanza kutengenezwa Beeston karibu na Nottingham mwaka 1946, lakini injini haijui ilikerezwa kwa mashine ya nani. Mlipe fundi mwenye mashine ya kukereza kwa saa, wewe mwenyewe uwe na jiriwa imara na tupa nzuri. Kombo za magurudumu ya kushoto na kulia zipishane nyuzi 90 kamili kwenye kila ekseli, la sivyo itakwama kila mzunguko. Mengine Lawrence atakueleza.

Siku ya moto itakuwa nyepesi kwako kuliko ilivyo kwa vijana wa huku. Tunawasha kwa mkaa wa miti uliolowekwa mafuta ya taa, kama mama yako anavyowasha jiko, na feni ndogo juu ya bomba la moshi ikivuta. Baada ya dakika 15 au 20 mshale unaanza kupanda, unatia makaa ya mawe kidogo kidogo, na jicho lako halitoki kwenye kioo cha maji.

Lakini siku hiyo iko mbali. Hapo Mombasa pana viwanda vyenye boila, na boila hizo zina wakaguzi. Mtafute mmoja tangu sasa, umweleze unachofanya, umwombe aje siku ya kupima. Mtu hapimi boila yake peke yake. Na kabla ya hapo, tanuri litakapokuwa limekamilika lakini bado hujaliingiza ndani, nipigie simu ya video mchana, penye mwanga, uligeuze taratibu mbele ya kamera nione kila pembe. Hata kama nimelala, waambie waniamshe.