Mkate wa Wagibeoni



Mwezi huu twataka kusema nanyi, hasa ninyi wazazi na walimu, juu ya habari ambazo vijana wetu hapa Shumba huzisoma katika simu. Zamani mwanafunzi alikuwa na kitabu cha shule na mwalimu wake. Siku hizi hufungua intaneti akakuta tovuti nyingi mno, na kila moja yasema kwa sauti ya mwenye kujua. Je, tumemfundisha kupambanua iliyo ya kuaminiwa?

Tusome Kitabu cha Yoshua, sura ya 9. Wagibeoni walikuwa jirani wa Waisraeli, lakini walijifanya wametoka nchi ya mbali. Walivaa nguo na viatu vilivyochakaa, wakachukua mkate mkavu wenye ukungu. Wazee wa Israeli waliingiwa na shaka, wakauliza, wakakagua chakula chao. Kisha wakaridhika, wakala kiapo pasipo kutaka shauri kwa Bwana. Baada ya siku tatu ukweli ukajulikana. Angalieni: wazee wale hawakuwa wavivu wa kutazama. Kosa lao ni kukagua yale tu waliyoonyeshwa na wageni wenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa tovuti. Picha nzuri, nembo, jina zito, maneno yaliyopangwa vizuri, vyote hivyo ni mkate wa Wagibeoni, maana aliyeutengeneza ndiye aliyeuweka mbele yetu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza jinsi walivyowapima watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya udaktari, wanafunzi wa chuo 25, na watu 10 ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Wanahistoria na wanafunzi wengi walikaa katika ukurasa ule ule, wakausoma juu hata chini, wakadanganywa na nembo na majina. Wahakiki walitoka upesi wakaenda kuuliza kwingine: watu hawa ni akina nani, na wengine wasema nini juu yao? Hao ndio walioupata ukweli, tena kwa muda mfupi. Basi elimu kubwa peke yake haitoshi, isipokuwa pamoja nayo iko desturi ya kuuliza.

Desturi hii si mpya. Katika Matendo 17 watu wa Beroya walimpokea Paulo kwa moyo, na bado kila siku waliyachunguza Maandiko ili wajue kama asemayo ni kweli. Hawakulaumiwa, bali walisifiwa. Kwa hiyo kijana akituuliza, "Habari hiyo imetoka wapi?" tusimwone mkosefu wa adabu.

Sisi wa Pemba twajua gharama ya kutouliza. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulianza kisiwani kwetu, ukavuka hata Unguja. Watu walilala nje kwa makundi kwa hofu. Na huko mjini mtu mmoja, mgonjwa wa akili, alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na umati. Uvumi ule ulipita mdomo kwa mdomo. Leo uvumi huenda mbali zaidi kwa kubonyeza kidole mara moja. Amri ya tisa yatukataza ushuhuda wa uongo, na anayeupokea uongo na kuusambaza naye ameshuhudia.

Basi tuwafundishe vijana hivi. Kwanza, waulize: mwenye tovuti hii ni nani, naye apata faida gani? Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Pili, watoke humo, wakaulize mahali pengine pasipotegemea hapo. Tatu, waende kwenye chemchemi yenyewe. Matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita hutangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na anwani ya tovuti yake huishia go.tz, kama za ofisi nyingine za Serikali. Anwani yenye jina la kufanana na mwisho mwingine, tena inayodai fedha ili kurekebisha alama, waikimbie.

Mnunuzi wa karafuu haridhiki na zile za juu ya gunia. Hutia mkono hata chini, aone kama hamna makonyo wala unyevu. Wana wetu wayajua haya tangu utoto. Waambieni wafanye vivyo hivyo kwa habari.

Nasi watu wazima tutangulie. Mtoto atajifunzaje, akimwona baba yake anasambaza ujumbe asioujua chanzo chake? Kabla ya kutuma tunyamaze kidogo, tuulize, na kumwomba Bwana, jambo ambalo wazee wa Israeli hawakulifanya. Jirani zetu Waislamu nao husoma ujumbe ule ule. Uongo ukitoka mikononi mwetu utawaumiza wao na sisi pamoja.

Roho wa kweli atuongoze sote. Amina.