Mahali pa Kupumzikia

Mwezi wa Agosti ukifika, mahindi ya Peramiho yamekwisha kuvunwa, na mstaafu huanza kufikiria mahali pa kupumzikia. Njia ni mbili. Moja hupanda milima ya Umatengo, ambako baridi huwapunguza mbu. Nyingine huteremka hadi Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mita zipatazo 500 tu juu ya usawa wa bahari, kwenye joto ambalo mbu hulipenda.

Wengi huchagua milima, wala si vibaya. Tangu Ronald Ross alipogundua mwaka 1897 vimelea vya malaria ndani ya mbu, kumkwepa mdudu huyu si woga bali ni busara. Hata hivyo swali linabaki: je, ni haki kuwakwepa pia watu wanaoishi naye? Ndugu zetu wa ziwani hawana likizo ya kumkimbia mbu. Mtoto wa mvuvi huumwa leo, kesho na keshokutwa. Tukiacha kuwatembelea kwa sababu hiyo, tumeufanya ugonjwa kuwa ukuta baina ya jamaa na jamaa.

Nionavyo mimi, busara haiishii katika kuchagua mahali. Huchagua pia namna ya kwenda. Mbu wa malaria huuma hasa usiku, na chandarua chenye dawa ni kinga kubwa. Basi mgeni na abebe viwili: kimoja alalie, cha pili awaachie wenyeji. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.