Kipupwe Ambacho Hatakikumbuka

"Atakumbuka nini huyo?" Hilo ndilo swali la mama yangu kila tunapotaka kutoka na mtoto miezi hii ya baridi, na ni swali zito kuliko yeye mwenyewe anavyodhani. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi tisa. Hatakumbuka chochote cha mwaka huu: wala ukungu, wala machungwa, wala mimi nilivyo sasa. Kwa nini basi nimtoe chini ya blanketi nimpeleke kwenye umande?

Handeni haina theluji, na mtu wa Ulaya akisikia tunasema "baridi kali" atacheka. Lakini mwili huhesabu baridi kwa kile ulichozoea. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi inapovuma, asubuhi vilima vinafunikwa na ukungu, majani yanabaki na maji mpaka saa nne, na nyumba zetu, zilizojengwa ili zipitishe upepo, zinaendelea kuupitisha bila kujali msimu. Mama huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga dirisha, na humweka mjukuu mapajani. Nikitokea na viatu vya mtoto mkononi ananiuliza, "Unampeleka wapi mume wangu na baridi hii?" Ni utani wa bibi na mjukuu, lakini utani huo umenifanya mimi, baba, nionekane mgeni aliyekuja kuchukua mali ya watu.

Na tunakompeleka si kwa ajabu. Jumamosi tunakwenda shambani, kwa kuwa mahindi ya masika yanavunwa wakati huo. Mtoto anakaa juu ya magunzi, anachagua moja, analitupa, anachagua jingine. Baadaye tunawasha moto wa magunzi hayohayo tunaota, naye anafundishwa neno "moto" kwa mara ya mia. Ni msimu wa machungwa pia, na chungwa lililolala nje usiku wa Julai lina ubaridi unaomfanya afumbe macho yote mawili, kisha aombe tena. Mara mbili mwaka huu tumekwenda mbali zaidi: kilomita 65 za lami mpaka Korogwe, tukausalimu Mto Pangani, kisha tukapitia Mombo na kupanda kona za Usambara hadi Soni kwenye maporomoko.

Nikiri kwamba neno "matembezi" lina ufedhuli ndani yake. Barabarani alfajiri tunawapita akina mama wenye ndoo kichwani na watoto mgongoni, kwenye baridi ileile. Handeni imesumbuka na maji kwa miongo mingi. Hata mradi wetu mkubwa, ule wa HTM, unavuta maji ya Pangani kutoka upande wa Korogwe. Mtoto aliye kwenye mbeleko saa kumi na moja alfajiri yuko nje kuliko wangu atakavyowahi kuwa, na hakuna anayemwuliza mama yake kama atakumbuka. Swali la mama yangu ni swali la watu wenye hiari. Lakini kwa kuwa hiari tunayo, nalazimika kulijibu.

Kwenye soko la Korogwe mke wangu alikuta, ndani ya rundo la mtumba, ovaroli nene la mtoto la kuchezea theluji, lenye zipu kutoka kifundo cha mguu hadi kidevuni. Alilinunua kwa shilingi elfu nne akicheka. Mama alipoliona alisema mtoto atapikwa humo kama kiazi. Mimi niliwaza nani alilivaa kabla. Huko Denmark, Norway na jirani zao, wazazi huwalaza watoto wachanga nje kwenye vigari wakati wa baridi, wakiamini hewa hiyo ina faida. Mwezi Mei 1997 mama mmoja Mdenishi aliacha kigari chenye mtoto wa miezi 14 nje ya mgahawa mjini New York, yeye akiwa ndani karibu na dirisha. Polisi walimkamata, na mtoto akachukuliwa kwa siku kadhaa. Kitendo kile kile Copenhagen kisingemgeuza mtu shingo. Kwa hiyo siwezi kumwambia Mama kuwa sayansi iko upande wangu na mila upande wake. Tuna mila mbili hapa, na ovaroli limetoka kwenye moja likaingia kwenye nyingine kwa kupitia bandarini.

Ukitafuta msaada kwa wanafalsafa unakutana na John Locke, na yeye anatatiza mambo vizuri. Mwaka 1693 Mwingereza huyu, aliyesomea udaktari na ambaye hakuwa na mtoto, alichapisha kitabu cha malezi kilichotokana na barua alizomwandikia rafiki yake aliyetaka ushauri juu ya mwanawe. Humo anashauri miguu ya mtoto ioshwe kila siku kwa maji baridi, na viatu vyake viwe vyembamba kiasi cha kuingiza maji, ili mwili ukomae. Mama angemfukuza kwa ufagio. Mwaka uliofuata, 1694, katika toleo la pili la kitabu chake kikubwa kuhusu akili ya binadamu, Locke aliongeza sura juu ya nini kinachomfanya mtu awe yuleyule leo na jana. Jibu lake: ufahamu. Nafsi inafika mpaka pale ambapo ufahamu unaweza kurudi nyuma. Mwili unaweza kuwa uleule tangu utotoni, lakini nafsi ni jambo jingine.

Weka vitabu hivyo viwili pamoja uone. Wengi wetu hatuna kumbukumbu ya maana ya kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kwa hesabu ya mwaka 1694, basi, mtoto anayelowa miguu si nafsi ileile na bwana wa miaka thelathini atakayefaidi miguu imara. Mmoja anapigwa na baridi, mwingine anapokea mshahara. Sijui Locke angejibuje, lakini wazazi wa siku hizi tuna jibu letu tunaloliandika chini ya picha: "tunatengeneza kumbukumbu." Ni uongo mdogo. Kumbukumbu zinatengenezwa kweli, lakini ni zetu. Nilipoona picha nilizopiga Soni, nilikuta kumi na moja zina maporomoko, na katika zote kumi na moja mtoto ameyapa kisogo. Yeye alikuwa na shughuli. Kulikuwa na kokoto upande mmoja wa njia na zilitakiwa kuhamia upande wa pili. Alifanya kazi hiyo karibu nusu saa, akipumua kwa nguvu, pua ikimtiririka, na nilipotaka kumgeuza atazame maji alilia kama mtu aliyeporwa.

Kuna jibu jingine, la heshima zaidi: hakumbuki siku aliyojifunza kutembea, lakini anatembea. Mwili unahifadhi kile ambacho kumbukumbu inapoteza. Ni kweli, na wataalamu wa makuzi ya watoto wana mengi ya kusema hapo. Mimi silipendi sana jibu hilo likisimama peke yake, kwa sababu bado linaigeuza siku ya mtoto kuwa mbegu ya siku nyingine. Kokoto za Soni zinahesabiwa tu kama zitamfanya awe mhandisi. Na kama hazitamfanya kitu? Je, nusu saa ile ilikuwa bure?

Aliyenijibu ni mama yangu, bila kukusudia. Kabla yangu alizaliwa kaka yangu, aliyefariki akiwa na mwaka mmoja na nusu, mwezi wa saba, kwa kile ambacho wakati huo nyumbani walikiita kichomi. Hana picha hata moja. Jioni moja tukimenya machungwa alimtaja, jambo analolifanya kwa nadra sana. Alisema yule alikuwa akipewa ganda la chungwa halitupi. Analing'ata, uchungu unamkunja uso, analing'ata tena huku akicheka. Alisema hivi: "Alikuwa na raha yake." Hakusema raha hiyo ilimjenga, maana haikupata muda wa kumjenga kitu. Hakusema aliikumbuka. Alisema alikuwa nayo, basi, kama unavyosema mtu alikuwa na nyumba.

Tangu siku hiyo nimeacha kutafuta faida ya baadaye. Ikiwa mtoto hatakumbuka, wema ninaompa lazima uwe wema leo, kwake, kwa kipimo chake. Hoja hiyo inakata pande zote mbili, na upande wa pili unampa Mama ushindi mkubwa kuliko alioudai. Furaha isiyovuka jioni haiwezi kununua hatari inayovuka maisha. Siwezi kumweka rehani mtu wa miaka sitini atakayekuwepo kwa ajili ya picha yangu ya asubuhi moja. Yeye hajaniruhusu, na hawezi.

Watu wa Korogwe wanalijua suala hili la ruhusa kwa karibu kuliko kitabu chochote. Kati ya 2009 na 2014 Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, na hapa kazi hiyo ilifanywa chini ya NIMR. Jumla ya watoto zaidi ya 15,000 walishiriki katika vituo vyote, wadogo kabisa wakiwa na wiki sita, wakubwa miezi 17. Hakuna hata mmoja aliyeamua mwenyewe. Walioamua ni wazazi, baada ya kuelezwa, kwa saini au dole gumba. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto barani Afrika. Wale waliochomwa sindano Korogwe sasa ni vijana wa sekondari au wameimaliza, na sindano zile hawazikumbuki. Nawaheshimu wazazi wale kwa sababu hawakuambiwa kuwa hakuna hatari. Waliambiwa zilipo, wakazitazama, wakaamua kwa niaba ya mtu ambaye hawakuweza kumwuliza. Mimi na mke wangu tunaamua jambo dogo mara elfu kuliko lile, na mara nyingi tunaliamua bila kutazama.

Tulipotazama, orodha ya Mama na orodha yetu hazikufanana. Nimonia inaletwa na vimelea. Hewa baridi ya shambani peke yake haiitengenezi, na chanjo ya kuzuia aina yake moja kubwa watoto wa Tanzania wanaipata kliniki kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Tulipaswa kuogopa zaidi kona za kutoka Mombo tukizipita giza limeingia, na mbu wa bondeni Korogwe miezi hii ya baada ya masika, ambao huanza kazi watu wanapokaa barazani kusimulia matembezi yao. Na jambo la tatu lilikuwa ndani ya nyumba yetu. Moshi na hewa ya jiko kwenye chumba kilichofungwa ni kati ya vitu vinavyoongeza hatari ya nimonia kwa watoto wadogo. Mapaja ya Mama, dirisha lililofungwa, jiko la mkaa: ulinzi wake wote.

Hapo ndipo nilipokwama kwa wiki nzima, maana nilijua jinsi kaka yangu alivyotunzwa mwezi ule wa saba. Mama alishasema. Walimfungia ndani, wakamwashia jiko mchana na usiku, hawakumtoa hata mlangoni. Siwezi kujua kilichomwua. Huenda jiko halikuhusika kabisa. Watoto wengi walikufa kwa mengi. Lakini nikimpa Mama maelezo ya moshi, kwa akili yake atafika mwenyewe kule ambako mimi sitaki afike, na atafika usiku, peke yake, akiwa na miaka sitini na minne. Kuna walimu wangu wa maadili ambao wangesema ukweli ni haki yake. Labda. Lakini ukweli ambao sina uhakika nao, juu ya mtoto asiyerudi, kwa mwanamke aliyefanya kila alichofundishwa na mama yake, sioni kama ni deni ninalodaiwa.

Kwa hiyo nilihamishia jiko barazani. Nilimwambia Mama kwamba masizi yanaharibu dari, na dari ni ya mwenye nyumba. Alinitazama kidogo, akasema wenye nyumba wa siku hizi wana maneno, akabeba kigoda chake akalifuata jiko. Sasa asubuhi za Julai anakaa nje na mjukuu wake, wote wawili wamefungwa shuka moja, ukungu ukiwa bado umeshika vilima. Mtoto anashuka, anaokota mkaa uliozimika, anauhamisha kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili. Mama anamwambia aache, mikono inachafuka. Haachi. Mama anamsogezea mwingine.