Kuficha Aibu ya Motokari Katika Kuuza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na kuharamisha dhulma. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Waarabu wa zamani walikuwa na hila katika kuuza mifugo. Mtu akitaka kumuuza ngamia au mbuzi wake, humwacha siku mbili tatu bila ya kumkama, chuchu amezifunga, hata kiwele kikajaa. Mnunuzi akiona kiwele kimefura hudhani kuwa ndiyo maziwa yake ya kila siku, akatoa fedha nyingi. Akifika kwake, maziwa hayaonekani tena. Mtume (S.A.W.) alilikataza jambo hilo. Na katika hadithi ya Abu Huraira, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alimpa mnunuzi hiari: akiridhika na amweke, na asiporidhika amrudishe, pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama.

Leo kipando cha watu ni motokari, na kiwele chafungwa kwa namna nyingine. Motokari nyingi zishukazo Mombasa na Dar es Salaam hutoka Japani zikiwa zimekwisha tumiwa, kisha huuzwa hapa mkono kwa mkono. Kuuza kilichotumiwa si dhambi. Dhambi ni kukivika sura isiyo yake. Yuko airudishaye nyuma saa ya mwendo, gari lililokwenda kilomita 180,000 likasoma 70,000. Yuko atiaye oili nzito ili injini iliyochakaa isigonge wala isitoe moshi, na atiaye unga wa mbao katika giaboksi ili meno yaliyolika yasipige kelele. Yuko azibaye kutu kwa pati na kupaka rangi juu yake. Na aitoaye taa ya hatari ili isiwake. Na akaushaye gari lililozama katika mafuriko, akabadili vitambaa vya viti na kuunyunyizia manukato uvundo wa tope. Na yuko aiwashaye injini kabla mnunuzi hajafika, ili asijue kuwa asubuhi, ikiwa baridi, haiwaki ila kwa taabu.

Muuzaji akiulizwa, husema kuwa si yeye aliyeliharibu. Na azingatie yaliyompata muuza chakula katika soko la Madina. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika fungu lake, vidole vikagusa umaji. Yule mtu akatoa udhuru kuwa ni mvua. Mtume hakubishana naye juu ya mvua; alimuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakakiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Basi mvua haikuwa dhambi ya mtu yule. Dhambi yake ilikuwa kukiweka kikavu juu na kibichi chini. Vivyo hivyo kutu si dhambi ya muuzaji. Dhambi yake ni ile rangi.

Mwingine husema: "Kagua mwenyewe; ukishatoka hapa usinirudie." Hudhani kuwa kwa neno hilo amejiosha. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika kitabu cha Minhaj kuwa sharti la kujitoa katika aibu, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu ya Shafi, halimwokoi muuzaji ila katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe haijui. Motokari si mnyama, na aliyetia unga wa mbao kwa mkono wake hawezi kusema hajui.

Wala dhambi haiishi kwa mwenye mali. Kila aijuaye aibu imemlazimu kuibainisha, hata akiwa si muuzaji. Dalali anayesifu huku akijua, na fundi aliyelipwa ili anyamaze, wote wameingia katika khiyana hiyo.

Na khiyana hii si ya fedha tu. Mbuzi asiye na maziwa humtia mtu hasara, lakini gari lisiloshika breki huua. Atakayepanda ni mama na mtoto, na maskini wa Mungu apitaye njiani, ambao hawakuwako siku ya kupatana bei.

Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Alimpelekea mshirika wake bidhaa, akamjulisha kuwa nguo moja ina aibu, amwambie mnunuzi. Mshirika akasahau, akauza, wala mnunuzi hakujulikana ni nani. Imam akaitoa sadaka thamani ya bidhaa ile. Huyo ni mtu aliyesahauliwa jambo na mwenziwe. Itakuwaje hali ya mwenye kukusudia?

Mnunuzi naye na atumie akili. Na aende asubuhi, injini ikiwa baridi, pamoja na fundi wake mwenyewe, si fundi wa muuzaji. Akiona aibu ya zamani iliyofichwa, na arudishe mara moja bila ya kukawia. Kwani akiendelea kulitumia gari baada ya kujua, haki yake ya kurudisha huanguka.

Na aliyekwisha uza kwa hila, toba yake haitimii kwa istighfari ya ulimi, maana hiyo ni haki ya mja. Na amtafute mnunuzi wake leo, amwambie aibu aliyoificha, amrudishie mali yake au waridhiane. Na ikiwa aibu ni ya breki, asingoje hata kupata fedha ya kurudisha: kwanza na ampashe khabari, kabla gari halijateremka mlima.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu ukweli katika maneno yao na baraka katika mali zao. Amin.